Ulinganifu kwa watoto wadogo: "nusu mbili sawa" inawapoteza, tuanze na kukunja

Mwalimu_Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Nafundisha hisabati madarasa ya chini hapa Tanga mjini. Kwenye maumbo kuna mada moja ndogo ambayo watoto huifurahia kuliko zote, na ndiyo hiyohiyo wanayoikosea mtihani ukija, nayo ni ulinganifu. Nina msimamo juu yake na nataka niuweke hapa, walimu wenzangu na wazazi muuchambue. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Tatizo linaanzia kwenye sentensi ya kwanza tunayoandika ubaoni: mstari wa ulinganifu ni ule unaoligawa umbo katika nusu mbili zilizo sawa. Mtoto anainakili, anaikariri, ukimwuliza anakujibu bila kukwama. Halafu unamchorea mstatili na kumwambia aweke mistari yote ya ulinganifu. Anaweka wa kusimama, anaweka wa kulala, kisha anaongeza miwili ya kona kwa kona. Minne. Unamtia kosa, naye anakutazama kwa mshangao wa haki kabisa, maana kwa maneno uliyompa amepatia. Mstari wa kona kwa kona unaugawa mstatili katika pembetatu mbili zinazotoshana kwa kila kipimo: urefu wa pande, ukubwa wa pembe, eneo. Kama hizo si nusu sawa, nusu sawa ni zipi?

Tulichomnyima ni neno kukutana. Nusu mbili kuwa sawa hakutoshi. Lazima moja ikigeuzwa juu ya mstari iilalie nyenzake, kona juu ya kona, ukingo juu ya ukingo. Na hili mtoto wa miaka saba au minane halielewi kwa kuambiwa, analielewa kwa vidole.

Chukua karatasi ya daftari sasa hivi, usiendelee kusoma kabla hujaishika. Ikunje, mkunjo utoke kona moja hadi kona inayotazamana nayo, ubonyeze kwa ukucha. Tazama ulichopata. Katikati karatasi imepandana, lakini kona mbili zimechomoza, moja huku, moja kule, kila moja peke yake bila mwenzake chini yake. Hazikukutana na hazitakutana. Sasa ikunjue, chukua ukingo mfupi wa juu uulaze juu ya ukingo mrefu wa pembeni, kipande kinachobaki chini kichane ukitupe. Ukikunjua una mraba mkononi. Watoto wanaotengeneza tiara wanaijua njia hii bila kufundishwa. Ukunje tena kona kwa kona: safari hii kona imeilalia kona. Karatasi ni ileile, mikono ni ileile, jibu limekuwa jingine, na aliyelipata ni mtoto mwenyewe. Baada ya hapo mwulize mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu, atakwambia 2. Mraba? 4. Na ukimwuliza kwa nini, ataomba karatasi akuonyeshe.

Ndiyo maana mimi naanza na kukunja, halafu kukata, halafu kuchora, fasili inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi watoto ndio wanaoitunga kwa maneno yao. Hili si geni duniani. Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo kule Blankenburg mwaka 1837, kukunja karatasi kulikuwa miongoni mwa kazi alizowapangia watoto. Baadaye wakaja Waholanzi wawili, mume na mke, wote walimu wa darasani, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof. Mwaka 1957 kila mmoja aliwasilisha tasnifu yake Utrecht kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza jometri. Walichokisema kinagusa darasa langu moja kwa moja: mtoto kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima, ndipo baadaye aanze kuona sifa zake, na fasili ni ngazi ya juu zaidi ya hapo. Mwalimu akisimama ngazi ya juu na mtoto yuko ya chini, hawasikilizani hata kama lugha ni moja. Mtoto atakachofanya ni kukariri ili yaishe.

Sasa niwape somo ninalolipenda kuliko yote. Leso. Watoto wawili wanaishika pembe nne, darasa zima linatazama. Leso ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina. Naanza kwa kuwaambia: ikunjeni kulia ije kushoto. Pindo linakutana na pindo. Watoto wanainua ncha wanalinganisha ua kwa ua, na leso nyingi mji nao unakutana. Kisha wanafika kwenye jina. Herufi ya kwanza imeangukia herufi ya mwisho, hazifanani hata kidogo. Tunakunja juu ije chini: pindo sawa, lakini jina limeangukia mahali pasipo na maandishi. Hapo darasa linagawanyika. Wapo wanaosema leso ina mistari 2, wapo wanaosema haina hata mmoja. Nawaacha wabishane mpaka atokee wa kusema kwamba pindo lina mistari 2, leso nzima haina. Mtoto wa darasa la pili akishaweza kusema hivyo, amekwishavuka kutambua kwa sura, anatazama sifa.

Karibuni. Nataka hasa kusikia wanaonipinga.

Mama_Kisosora

Shikamoo mwalimu. Hii ya karatasi nimeifanya hapa mezani na mwanangu wa darasa la tatu, kweli kona zimechomoza, akasema "mama hii inadanganya". Nina maswali mawili. Kwanza, kila picha anayopewa, awe kipepeo, uso wa mtu au jani, yeye mstari wake anausimamisha. Akipewa umbo lililolala hauoni kabisa. Pili, alikata mti wa karatasi kwa kukunja, ukatoka vipande viwili, akalia.

Mwalimu_Chumbageni

Marahaba mama. Naanza na huo mti, maana kilio hicho kinatokea kila darasa. Ukikunja karatasi kuna upande wenye mkunjo na upande ulio wazi. Nusu ya mti inatakiwa ianze kuchorwa kwenye mkunjo, shina liuegemee. Mwanao alichora shina upande wa wazi, mkasi ukapita kwenye mkunjo, ndiyo maana akapata nusu mbili zilizoachana. Usimwelekeze mapema. Mpe karatasi ya pili, mwambie aguse mkunjo kwa kidole kabla hajachora, halafu mwulize: "Ukikata hapa, nini kitashika nusu hizi mbili?" Atanyamaza kidogo halafu ataanza kuchora upya. Akishapata mti, mwombe akunje karatasi mara mbili badala ya mara moja, akate tundu dogo kwenye kona yenye mikunjo yote miwili, na kabla ya kuikunjua akwambie litatokea nini. Hilo la kukisia kabla ya kukunjua ndilo lenye faida, msiruke.

Kuhusu mstari wa kusimama, mwanao hana kasoro yoyote. Macho ya binadamu huuona upesi ulinganifu wa kushoto na kulia kuliko mwingine wowote. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, aliliandika jambo hili tangu karne ya 19. Sisi walimu ndio tunalizidisha kwa kuleta kipepeo leo, kipepeo kesho, kipepeo mwaka mzima, wote wamesimama. Tiba yake ni kugeuza daftari. Mwonyeshe kipepeo, mgeuze kipepeo ubavu, mwulize mstari umekwenda wapi. Halafu mpeleke ufukweni maji yakiwa yametulia, aitazame mashua na taswira yake majini. Hapo mstari umelala, na haihitaji maelezo.

Kidole_Juu

Mwalimu nakuheshimu, lakini hayo ni ya darasa la watoto ishirini. Mimi niko shule ya kijijini huku Korogwe, darasa limejaa hadi wengine wanakaa chini, mkasi ninao mmoja, nao ni wangu. Mthibiti ubora akija anataka kuona zana, mada inatakiwa iishe kwa vipindi vilivyopangwa, na mtihani utauliza "umbo lipi lina mistari mingi zaidi". Hiyo leso nitaikunja mbele ya watoto wote hao saa ngapi?

Mwalimu_Chumbageni

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaipita juujuu. Mkasi sihitaji. Karatasi ya daftari lililokwisha, mkunjo ukibonyezwa sawasawa kwa ukucha, inachanika imenyooka vizuri. Daftari moja lililojaa linatosha darasa zima. Kama hata hayo hakuna, tumia majani ya mti ulio karibu na darasa, kila mtoto na jani lake. Ila jani lina tahadhari yake, ukilikunja kwenye mshipa wa katikati, pande mbili hazilingani sawasawa, moja inaweza kuzidi kidogo chini karibu na kikonyo. Waache watoto waliseme hilo. Kilichoota hulingana kwa kukaribia, kilichochorwa kwa rula ndicho kinacholingana kabisa.

Wakiwa wengi watoe nje. Hii ndiyo njia yangu kwa darasa lililojaa, na haigharimu kitu. Nyoosha kamba kwenye mchanga, ndiyo mstari. Watoto wawili wawili, kila mmoja upande wake, na vizibo vya soda au kokoto. Wa kwanza anaweka kizibo popote upande wake, wa pili anaweka chake mahali kinapostahili upande wa pili. Tazama kwa makini wanachokosea. Wengi hawageuzi, wanahamisha. Mwenzake ameweka kizibo hatua moja kutoka kwenye kamba, yeye anakiweka mbali kwenye ukingo wa nje, kwa sababu amenakili mpangilio jinsi ulivyo, kushoto kwa kushoto. Hapo wasimamishe kwenye vizibo vyao, watazamane, watembee kuelekea kamba kwa hatua zinazolingana. Wakikutana pua kwa pua kwenye kamba, vizibo vimekaa sawa. Mmoja akifika kabla ya mwenzake, au wakipishana, kizibo kisogezwe. Ndani ya mchezo huo mtoto amejifunza mambo mawili ambayo vitabu vya sekondari vinayaandika kwa maneno magumu: nukta na taswira yake ziko umbali sawa kutoka kwenye mstari, na njia inayoziunganisha inaukata mstari kwa pembe mraba.

Muda utakaoutumia hapo utaurudisha kwenye kusahihisha. Mtoto aliyecheza kwenye kamba hakai kukisia kati ya A, B na C.

Kidole_Juu

Hiyo ya kamba nimeielewa. Uwanja tunao. Nitaijaribu wiki ijayo.

Baba_Iddi

Wakuu, je kioo? Nina vioo vidogo vya mkononi hapa dukani, naweza kuwapa shule ya jirani.

Mwalimu_Chumbageni

Baba Iddi, Mungu akuzidishie. Vioo vinafaa sana, ila kingo zizungushie gundi ya karatasi zisiwakate. Na kioo kije baada ya kukunja, sababu yake ni hii. Kioo hakikatai. Ukikisimamisha popote juu ya umbo lolote, kitakuonyesha kitu kilicholingana, kwa sababu nusu ya pili kinaitengeneza chenyewe. Kisimamishe kwenye mstari wa kona kwa kona wa mstatili wetu, utaona umbo zuri la tiara, limekamilika, limetulia. Mtoto asiye na uzoefu atasema "unalingana!" Lazima afundishwe kuinua kioo na kuuliza: nilichokiona kwenye kioo ndicho kilichokuwa nyuma yake? Tiara si mstatili, kwa hiyo jibu ni hapana.

Ila kwenye herufi kioo ni raha tupu. Andika jina la mwanao kwa herufi kubwa zisizo na mapambo, IDDI, kwa mlalo. Kisimamishe kioo juu ya jina, ukingo wake ukiwa sambamba na mstari wa maandishi. Kwenye kioo utasoma IDDI vilevile. Herufi B, C, D, E, H, I, K, O na X zote zinakatika katikati kwa mstari wa kulala, kwa hiyo BIBI, KIBOKO, HODI, KICHEKO, yote yanapita. Wengine majina yao yana herufi zenye ulinganifu wa kusimama: A, H, I, M, O, T, U, V, W, X, Y. Hao majina yao yaandike kwa kushuka, herufi chini ya herufi, kisha kioo kiweke ubavuni. MAMA inapita. Na kwenye madarasa yetu ya pwani yupo siku zote MWAMVITA au MWATUMU, majina marefu na kila herufi inapita! Siku ya somo hilo watoto hao hawataki kengele ilie.

Wenye F, G, J, L, P, Q au R kwenye majina wataona herufi hizo hazina mstari wowote, nao wasiachwe wakihuzunika. Wape kazi ya kutafuta neno refu kuliko yote linalopita kwenye kioo. Huwa wanarudi na maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyafikiria.

Fundi_Milango

Niko Bagamoyo, kazi yangu ni kuchonga milango ya nakshi. Nimeupenda uzi huu, ruhusuni niongeze langu. Nakshi ya ubao wa juu wa mlango hatuichori nzima. Tunachora nusu kwenye karatasi ngumu, tunaikata, tunailaza upande mmoja wa ubao tunafuatisha kwa penseli, halafu tunaipindua upande wa pili tunafuatisha tena. Kijana mgeni akisahau kuipindua, akaisogeza tu, ua linaangalia upande usio wake na ubao umeharibika. Kumbe ndilo kosa lilelile la watoto kwenye kamba.

Na kuna jambo huwa nawaonyesha wageni wanaotembelea karakana. Mlango ukifungwa unaona umelingana kushoto na kulia, na mfaa umesimama katikati. Ukifunguliwa, mfaa unaondoka na ubawa mmoja, maana umepigiliwa huko, mwingine unabaki bila mfaa. Kwa hiyo mbawa mbili hazifanani. Je mwalimu, mlango wangu una ulinganifu au hauna?

Mwalimu_Chumbageni

Fundi, swali lako naliiba nilipeleke darasani. Sura ya mlango uliofungwa inao, ubawa mmoja mmoja hauna. Ni kama pindo na leso. Kila mara mtoto aulizwe kwanza ni kitu gani hasa tunachokikunja, ndipo aulizwe kama kinakutana. Na hicho kigezo chako cha nusu ndiyo zana bora kuliko chati yoyote ya manila. Mtu akipata nafasi ya kuwaleta watoto Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wasitazame tu milango, wapewe karatasi na penseli wachore nusu, kisha waimalizie bila kutazama.

Bint_Pangani

Mama yangu anasuka mikeka. Nilikuwa nakata miyaa na kuitia rangi nikiwa mdogo. Ukili ni utepe mrefu mwembamba, unasukwa kwanza, halafu ndio unashonwa ukawa mkeka. Kwenye ukili wa rangi mfano unajirudia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu, huo nao ni ulinganifu? Maana kukunja siwezi, hauna mwisho.

Mwalimu_Chumbageni

Ni ulinganifu, na ni wa aina yake: wa kusogeza. Ukiuvuta ukili kwa hatua moja ya mfano, kila umbo linaangukia mwenzake na huoni kama umeusogeza. Wanahisabati wamethibitisha kwamba mifano yote ya utepe inayojirudia, ukiitazama kwa kusogeza, kugeuza na kuzungusha, iko ya aina 7 tu, haizidi. Mtu aliyelichukulia kwa uzito jambo hili katika ukanda wetu ni Paulus Gerdes, Mholanzi aliyehamia Msumbiji akafundisha huko na kufariki mwaka 2014. Alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wasukaji wa vikapu na mikoba wanafanya jometri halisi, na kwamba mwalimu wa hisabati Afrika anayo mali hiyo nje ya mlango wa darasa. Namwamini. Mama yako akisuka ukili anahesabu, apandishe ngapi, ashushe ngapi, na akikosea moja mfano wote unapotoka hadi afumue.

Kwa watoto wadogo usiwaambie habari za aina 7. Wape tepe za karatasi za rangi mbili wasuke, halafu waulize tu: "Kinachofuata ni nini? Umejuaje?"

Mvuvi_DeepSea

Mnasema wanyama wote wamelingana kushoto na kulia. Mbona yule kaa mdogo wa kwenye mikoko dume lake lina gando moja kubwa kuliko mwili na jingine dogo? Na gayogayo je, macho yote upande mmoja?

Mwalimu_Chumbageni

Hakuna aliyesema wote, na umeleta mifano miwili mizuri kuliko ya kitabuni. Huyo kaa ukifunika magando amelingana, ukiyafunua hajalingana. Dume hulipunga lile kubwa kuvutia jike na kutishia madume wenzake, lile dogo ndilo la kulia chakula. Jike lake magando yote mawili ni madogo, amelingana. Mlete dume na jike darasani kwenye beseni, watoto wenyewe watakwambia yupi ana mstari na yupi hana.

Gayogayo yeye huanguliwa akiwa kama samaki wengine, jicho huku na jicho kule. Akikua jicho moja linahama polepole linapita juu ya kichwa hadi upande wa pili, ndipo anaanza kuishi amelala kwenye mchanga. Anaanza na ulinganifu na kuupoteza. Ukiongeza kiti cha pweza mwenye mikono mitano, mistari 5 kila mmoja ukipita kwenye ncha ya mkono, una kipindi kizima cha hisabati na sayansi bila kununua chochote.

Baba_Iddi

Nimerudi. Leo Iddi kaja na zoezi: "Bendera ya Taifa ina mistari mingapi ya ulinganifu?" Mimi nimemwambia mmoja, ule mkanda mweusi wa mshazari. Baada ya kusoma uzi huu naona kuna shida.

Mwalimu_Chumbageni

Baba Iddi, kuna shida mbili. Ya kwanza ni rangi. Kijani iko juu upande wa mlingoti, buluu iko chini upande wa pili, kwa hiyo ukikunja kwenye mkanda mweusi kijani inaangukia buluu. Ya pili ni kubwa zaidi. Hata ukiitoa rangi yote ukabaki na mistari mitupu, bendera ni mstatili na mkanda unatoka kona hadi kona. Ukikunja hapo, kona mbili zitachomoza. Jibu ni sifuri. Lakini usimwambie. Mwache aichore kwenye karatasi, aikunje, akuletee jibu mwenyewe. Akimaliza mpe ya Japani, yenye duara katikati, na ya Uswisi, ambayo ni mraba mwekundu wenye msalaba mweupe. Moja ina 2, nyingine ina 4, na sababu ya tofauti hiyo anaijua tayari.

Kidole_Juu

Lakini bendera yetu bila rangi, ukiigeuza juu chini, inaonekana vilevile. Panga boi hivyohivyo, ukilizungusha kidogo huoni tofauti. Hapo tunasemaje?

Mwalimu_Chumbageni

Hapo tunasema kuna ulinganifu wa kuzunguka, na nafurahi umeufikia mwenyewe. Panga boi la mbawa tatu likizungushwa theluthi ya mzunguko kila ubawa unakaa mahali pa mwenzake. Ila mstari wa kukunja halina, kwa sababu mbawa zimeinamishwa upande mmoja ili zisukume upepo. Ukizikunja, inayoinama huku itaikuta inayoinama kule. Herufi S, N na Z ndizo zilizo hivyo kwenye alfabeti, hazina mstari, lakini ukizigeuza nusu mzunguko zinasomeka zilezile.

Kwa darasa la pili ningeuacha. La tatu na kuendelea, fanya hivi: chora msambamba kwenye karatasi, uchore wa pili unaotoshana nao kwenye karatasi nyingine na uukate. Weka uliokatwa juu ya uliochorwa, choma pini katikati kabisa, pale ambapo mistari miwili ya kona kwa kona inakatana. Mtoto auzungushe polepole. Ukifika nusu mzunguko unaketi kwenye mchoro wake bila kubakiza hata ukingo. Kisha achomoe pini, aukunje anavyotaka, kwa urefu, kwa upana, kwa kona. Hautakutana hata mara moja. Hapo ndipo anapoona kwamba kukunja na kuzungusha ni mitihani miwili tofauti, na umbo linaweza kufaulu mmoja likashindwa mwingine. Pini ziwe za vichwa vya plastiki, na uzihesabu kabla hawajatoka.